Hema la Pembe Nne Katika Nyumba ya Duara

Kwa Mavundla, upande wa juu wa mto Mntafufu,
Lusikisiki.
Alhamisi, baada ya ibada ya akina mama, Februari.

Kwa Mwenye Duka la Jua Nyumbani,
Durban.

Ndugu Mwenye Duka,

Pokea salamu kutoka mlimani. Nakusalimu wewe, na mkeo kama unaye, na wale vijana wako wa aproni za kijani ambao mjukuu wangu anasema wana adabu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti yangu, na hayo tangu zamani si ya kusalimiwa.

Mimi ni Nomabandla Mavundla, kwa ukoo MaNtusi. Sikusoma. Mwaka waliofungua shule huku kwetu nilikuwa nachunga ndama, na ndama hawakunipa ruhusa. Anayeandika ni jirani yangu MaDiya, katibu wa akina mama wa kanisa, mwenye mwandiko mzuri na woga mwingi. Mwandiko ni wake, maneno ni yangu. Ukiona mahali neno limekatwa, ujue hapo tuligombana. Barua ikiisha ataipiga picha na kukutumia kwa simu, maana posta ya huku ni ya kungojea kama mvua.

Ndugu, nakuandikia kuhusu hema lako. Lile jeusi kwa nje, linalong'aa ndani kama karatasi ya peremende, lenye zipu, taa, feni na kitabu. Ulimuuzia mjukuu wangu Sivenathi ili apande bangi ndani ya nyumba, kama sheria mpya inavyomruhusu mtu mzima. Naomba uje ulichukue kabla ya Jumamosi. Nasema Jumamosi kwa sababu siku hiyo Sive anarudi kutoka kazini mjini, na ameniambia kwa heshima zote, kofia mkononi, kwamba akirudi atang'oa bustani yangu iliyo nyuma ya zizi. Ni miche kumi na miwili ya bangi, mbegu ya mama mkwe wangu, ambaye naye alipewa na mama mkwe wake. Kitabu chako ndicho kilichomwambia ang'oe. Kwa hiyo ugomvi wangu ni na kitabu, na kwa kuwa kitabu hakina masikio, nauleta kwako.

MaDiya ameyapanga malalamiko kwa namba ili usipotee njiani.

1. Umbo la hema. Nyumba yangu ni ya duara. Aliijenga mume wangu kwa mikono yake, na nyumba ya duara haina kona. Kitu cha pembe nne hakina pa kusimama humo isipokuwa mahali pamoja: nyuma kabisa, mkabala na mlango. Hapo tunapaita entla. Najua kuna nyumba za mjini ambazo nyuma kabisa kuna choo. Kwetu nyuma kabisa kuna wazee. Ndiko wanakokaa akina Mavundla waliokufa, ndiko tunakowawekea pombe na nyama ilale, ndiko tunakosemea nao. Hatuweki hapo hata ndoo.

Sive akapima kwa futi yako. Akapima upana, akapima kimo, akasema, "Bibi, linaingia kama vile mahali palipangwa."

Nikamwambia, "Palipangwa, mwanangu. Ila si kwa ajili yako."

Akacheka, akasimamisha nguzo. Tunayo nyumba nyingine, ya pembe nne, ya bati, lakini kitabu chako kinataka mahali penye ubaridi, na bati la Februari ni kikaango. Mtoto niliyembeba mgongoni ndani ya nyumba hiyo hiyo, nikimzungusha kwa mkono wa kulia ili asiwape wazee kisogo, leo amewafungia wazee nyuma ya zipu. Yeye anasema ni kwa muda tu. Ndugu, wazee wangu wamekufa. Unadhani muda wao ni upi?

2. Mwanga. Kitabu chako kiliamuru taa iwake saa kumi na nane kwa siku, tangu Novemba hadi baada ya Krismasi. Sina neno na mmea kupenda mwanga. Lakini mimi nikiwasha taa yangu baada ya kula, Sive husema, "Bibi, tubane umeme." Soketi ni moja. Birika langu la chai na jua lako haviwezi kuwaka pamoja, na kati yetu wawili, anayekunywa chai baridi si mmea.

Tena mume wangu marehemu amemtokea MaDiya ndotoni akiwa amevaa miwani ya jua. MaDiya anataka nikate hapo, kwa sababu yeye ni mtu wa kanisa na hapendi ijulikane kwamba huota waume wa watu. Andika, MaDiya. Alivaa miwani myeusi, akasema, "Mwambieni yule mwanamke azime." Yule mwanamke ni mimi. Miaka arobaini ya ndoa nilizima nilipoambiwa zima. Safari hii nimeshindwa, kwa sababu taa ina saa yake ya kujiwasha, na ile saa haikuolewa na mtu.

3. Wageni. Mzee Ndabambi, mdogo wake mume wangu, alikuja mwezi uliopita na kibuyu cha pombe, kama desturi. Akaingia, akaona kitu cheusi kimesimama entla, kina mwanga wa zambarau kwenye mishono na kinavuma. Akavua viatu, akavua kofia, akapiga goti. Kabla sijafungua mdomo alikwishaanza kutaja majina ya ukoo. Akaeleza habari za ng'ombe wake aliyepotea, habari za mwanawe asiyepiga simu, habari za jino. Kila akinyamaza, feni inajibu: vuuuu. Alipomaliza machozi yalikuwa yanamtoka.

Akaniambia, "Shemeji, miaka yote nasema nao kimya kimya kama kichaa. Leo wamenijibu."

Ungekuwa wewe ungemwambia nini? Nilimwambia, "Wamejibu, shemeji." Kisha akafungua zipu kwa adabu akawamiminia pombe yote.

Sive alirudi Jumamosi akanusa. "Bibi! Nani kamwagia mimea pombe?"

"Babu yako mdogo."

"Kitabu kinasema maji yaliyopimwa!"

"Basi nenda kamwambie Mzee Ndabambi kwamba ukoo mzima wa Mavundla sasa unakunywa maji ya kupimwa."

Hakwenda. Na ng'ombe wa Mzee Ndabambi akapatikana siku ya tatu, kwenye majani ya mtu. Tangu hapo wanakuja kutoka ng'ambo ya bonde. Wiki hii peke yake nimepokea wanawake wawili wasiopata mimba na mwanamume mmoja mwenye kesi. Wote wanataka kusema na kile kinachovuma. Nawapikia mimi.

4. Mke wa mjukuu wangu. Zintle ni msichana mwema, ameolewa vizuri, na mke aliyeolewa hakanyagi entla ya ukoo wa mumewe. Huo ndio mwiko wetu. Mimi niliushika mpaka nikazeeka, nikaruhusiwa. Sasa Sive yuko mjini siku tano analinda geti la watu, na mimea yako inataka maji kila asubuhi. Zintle anasimama mlangoni na mpini wa ufagio, ananyoosha. "Ule wa kushoto, Bibi. Hapana, kushoto kwako. Umeinamisha kichwa." Mimi, mwenye magoti haya, nainama. Kwa hiyo mwenye nguvu anaonyesha kwa fimbo na kikongwe ndiye kibarua. Kitabu chako kina ukurasa wa wadudu, kina ukurasa wa waya. Ukurasa wa wakwe hakina.

Halafu Sive anapiga simu. "Bibi, kile kisaa kidogo cha kupimia joto na unyevu ukutani mwa hema kinasema nini?"

Namwambia, "Sijui kusoma, mwanangu, lakini naona bata wawili wanafuatana."

"Ishirini na mbili. Vizuri. Na chini yake?"

"Mtu mnene, halafu kiti kilichopinduliwa."

"Bibi, mwite Zintle asome."

"Zintle haruhusiwi kufika huko."

"Basi kibebe umpelekee mlangoni."

"Kimefungwa kwa waya, Sive. Ulikifunga wewe."

Na hapo ndipo mtu mzima analia kwenye simu juu ya kiti kilichopinduliwa.

5. Feni inanuna. MaDiya anasema hilo si lalamiko. Libaki.

6. Bidhaa si ile mliyoahidi. Hapa MaDiya amefurahi, anasema hapa ndipo penye sheria. Ulimuuzia Sive mbegu kumi ndani ya kichupa cha kioo, ukaapa zote ni majike. Nne zimetoka madume. Mimi niliyaona kabla yake kwa wiki mbili, nikanyamaza, kwa sababu kitabu kinaitwa Mwongozo wa Anayeanza na mimi nilikuwa nimeambiwa nisikilize. Jioni nzima Sive alinisomea kwa sauti jinsi ya kutambua dume. Mimi ambaye nilianza kung'oa madume kabla babake hajaota meno! Nikamwambia, "Haya, ajabu." Alipoyaona mwenyewe akayatoa moja moja akilia, kama anazika paka.

Tena picha kwenye kichupa inaonyesha mmea mfupi, mnene, umekaa kama mama wa kanisa. Hii iliyo kwangu ni mirefu, myembamba, imefika dari la hema imepinda shingo kama twiga kwenye banda la kuku. Sive ameifunga kwa kamba za viatu. Harufu nayo si ile ya kitabuni. Kitabu kinasema ndimu. Hii inanukia kama mlima wetu baada ya mvua. Nataka mjibu hilo.

7. Sasa sikiliza, Ndugu, maana hapa sichezi.

Unauza jua. Sikukatazi, kila mtu na biashara yake. Lakini jua lilikuwepo huku kabla yako. Mama mkwe wangu alipanda mlimani, wazi, jua likaja lenyewe bila soketi. Hiyo bangi ndiyo iliyomsomesha baba yake Sive, na ndiyo iliyomnunulia Sive viatu vya kwanza vya shule. Mume wangu alifungwa miaka miwili kwa gunia moja. Alirudi na kikohozi, akaondoka nacho duniani. Miaka ile ndege ya polisi yenye panga la kuzunguka ilipita juu ya mabonde na kumwaga sumu. Bangi ikafa, mahindi yakafa, maharage yakafa, na mbuzi wangu mmoja akatembea kama mlevi siku mbili kisha akalala. Hakuna aliyekuja kuniuliza hali. Sasa nasikia kitu kile kile kina duka la kioo huko Durban, kina vijana wa aproni, na anayekipanda haitwi mhalifu, anaitwa mteja. Basi niambie: yule aliyetumwagia kutoka juu na wewe unayetuuzia taa, ninyi ni watu wa ukoo mmoja? Naomba kujua tu, ili nijue nikutane nanyi nikiwa nimesimama au nimekaa.

Sive ananieleza kwamba sheria inataka mmea usionekane na watu. Ukionekana ni kosa, ukifichwa ni haki. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na ninyi mmefungua duka la vificho.

8. Bustani. Kitabu chako, ukurasa ambao Sive ameukunja pembe, kinasema vumbi la madume likiingia hemani, majike yatajaa mbegu na mavuno yatakuwa bure. Wao wanaliita chavua. Bustani yangu iko hatua hamsini kutoka mlangoni, na madume yangu ndiyo kwanza yanafungua macho. Kwa hiyo Sive anasema bustani ing'olewe. Nimemwambia afunge zipu. Anasema upepo hauna adabu.

Usimdhanie vibaya. Alifanya kazi ya samani huko kwenu mpaka kiwanda kikafungwa, akaweka malipo yake ya mwisho yote kwenye hema lako. Alirudi na hilo boksi begani kama mtu anayeleta ng'ombe wa mahari. Analala kwenye kibanda cha geti mjini, na akija Jumamosi, kabla hajanisalimu, anafungua zipu achungulie. Namwelewa. Hata mimi nilikuwa nikichungulia yeye alipokuwa mchanga, kuona kama anapumua.

Lakini mbegu ya bangi si shanga, Ndugu. Ukiiweka miaka mitatu bila kuipanda inakufa. Ninacho kibuyu kimoja kidogo, na kilichomo ni cha mwaka juzi. Mwaka jana mvua ya mawe ilipiga yote. Nisipovuna mbegu msimu huu, basi ile iliyotoka kwa mama mkwe wake mama mkwe wangu itakuwa imeishia kwangu, mkononi mwa mwanamke asiyejua kusoma, kwa sababu ya kitabu. Nitakwenda kuwaambia nini kule entla? Nitaanza na neno gani?

Kwa sababu hizo saba (nane ukihesabu feni), naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo:

Kwanza, uje na gari ulichukue hema kabla ya Jumamosi, umrudishie Sive alichotoa. Uje pia na mbuzi mweupe na chupa ya brandi, upige goti entla, uwaombe radhi wazee. Mzee Ndabambi atakufundisha maneno.

Pili, kama huwezi kulichukua, leta la duara.

Tatu, kama huna la duara, basi leta kubwa. Kama sheria inapenda kilichofichwa, nishonee hema la kufunika mlima wote, kuanzia mtoni hadi kanisani, lenye zipu upande wa barabara, ili bustani yangu nayo iwe ndani ya nyumba. Ng'ombe watazoea. Shule itabaki ndani, lakini watoto wataambiwa wasitazame.

Nne, kama hilo nalo ni gumu, naomba mimi mwenyewe niandikishwe kuwa mmea. Nimefikiri vizuri. Mmea una maji kila asubuhi. Bomba la kijiji limekauka tangu mwaka jana. Mmea una taa na feni, na akiba ya betri umeme ukikatika. Mmea ukiinamisha kichwa mtu anakimbia na kitabu. Mimi nikienda zahanati na magoti haya naambiwa niketi kwenye benchi, na benchi lina jua la bure. Mmea unapimwa joto. Mimi mara ya mwisho kupimwa joto nilikuwa nazaa. Nitakaa hapo ndani kimya, Sive atanichungulia kila Jumamosi, na sitatoa madume.

Nasubiri jibu lako. Mpigie Zintle, yeye ndiye mwenye simu yenye chaji.

Wasalimie watu wote wa nyumbani kwako, wazee kwa watoto, na majirani zako hata wale usiosema nao. MaDiya anakusalimu kwa jina la Bwana. Mzee Ndabambi anakusalimu na anauliza kama mnatengeneza hema kubwa zaidi linalovuma kwa sauti ya mwanamume. Zintle anakusalimu akiwa mlangoni.

Ni mimi, bibi yako kama utakubali, na kama hutakubali pia,

Nomabandla Mavundla, MaNtusi.

Tanbihi, Jumamosi mchana. Barua bado haijatumwa. MaDiya aliibeba kifuani siku mbili, akakataa kuipiga picha mpaka niseme ukweli juu ya lalamiko la sita, maana anasema wino wake ni uleule wa kumbukumbu za kanisa. Haya.

Zile mbegu zako kumi, kuku walizila. Sive aliziweka juu ya kitambaa kibichi kwenye kisosi, akaniambia, "Bibi, zitazame, mimi naenda kuoga." Nikazitazama. Nikatazama pia maziwa yaliyokuwa jikoni, na kuku mwekundu hakusubiri nigeuke mara mbili. Nikamsikia Sive huko anaimba akijipaka sabuni, na miezi mingi sikuwa nimemsikia akiimba. Nikafungua kibuyu changu, nikatoa kumi, nikaziweka kwenye kisosi. Akarudi akazitazama, akasema, "Ona Bibi, hata kwa macho unajua hizi ni za wataalamu." Nikamwambia, "Naona, mwanangu."

Kwa hiyo madume manne ni yangu. Urefu ni wetu. Harufu ni ya mlima kwa sababu ni mlima. Huna kosa hapo, na nakuomba radhi, ila kwa feni bado nasimama na neno langu.

Leo asubuhi Sive amekuja. Amevua sare ya geti, amechukua jembe, ameenda nyuma ya zizi. Nimesubiri nisikie udongo, sijasikia kitu. Nikaenda. Nikamkuta amekaa chini, jembe limelala mapajani, anaitazama ile miche kumi na miwili. Akasema, "Bibi, siwezi. Acha tu. Acha hema liharibike." Mtu mwenye umri wa miaka thelathini, kamasi kama siku niliyomwachisha ziwa.

Nikamnyang'anya jembe. Nikaing'oa mimi mwenyewe, yote, mmoja mmoja, yeye akinishika kiuno nisianguke. Usifikiri ni kwa ajili ya kitabu chako.

Na usinihurumie. Jana, Zintle alipoenda mtoni, nililiendea dume zuri kuliko yote bustanini, nikalikung'utia vumbi lake ndani ya kopo langu la ugoro. Nikaoga, nikabadilisha nguo. Nikazima feni, nikaingia hemani na unyoya mmoja wa kuku mwekundu, maana alikuwa na deni langu. Nikagusa tawi moja tu, la chini, kule nyuma kabisa ambako Sive hafiki kwa sababu ya tumbo lake. Matawi mengine yote ni safi, atavuna kama kitabu kinavyotaka. Tawi lile litanipa mbegu za kujaza kiganja, na kiganja ndicho alichonipa mama mkwe wangu. Kumbe mficha uchi huzaa, akifichwa na watu wake.

Kwa hiyo usije. Hema likae. Mbuzi na brandi unaweza kuleta, hatutafunga mlango.

Lile tawi nimelifunga uzi mweupe ili nisilipoteze. Sive ameuona mchana huu akichungulia na tochi, akaniuliza ni wa nini. Nimemwambia tawi hilo ni la wazee, asiliguse. Amevua kofia. Na mimi, Ndugu, sikumdanganya.